Tarwi, Siku ya Sita

Nimepima viuno vya maharusi,
mabega ya madereva wa malori ya Juliaca,
vifua vya watoto wa gwaride,
na tepu yangu haikuwahi kuniambia neno baya
hadi jioni ile nilipoizungusha
kwenye shavu la mguu wa baba.
Ishirini na nane.

Mguu uliopandisha magunia ya viazi
kutoka gatini hadi sokoni,
mawili kwa mpigo, na mwenyewe akipiga mluzi.

Wiki saba kitandani, nyonga imevunjika.
Mfupa ukaunga, nyama ikaaga.
Hakuna aliyeiona ikitoka.
Ilihama kama mpangaji mwenye deni,
leo kijiko, kesho sufuria,
hadi unafungua mlango, unakuta ukuta.

Nayda, muuguzi wa zahanati,
alimtazama akijaribu kuinuka kitini
kwa mikono, kwa meno, kwa jina la marehemu mama yake.
"Mzee Hilarión, mwili usipolishwa hujila.
Nyumba iliyoishiwa kuni huchoma viti vyake."
Akaandika: protini. Nyama, mayai, maziwa.
Nikaisoma karatasi ile njiani kama ankara.
Kondoo wetu wa mwisho alikwisha kulipa hospitali.

Basi nikarudi kwa kile
tulichoona haya kukipakua mbele ya wageni:
tarwi,
mbegu nyeupe, bapa, kubwa kuliko kunde.
Maua yake ya zambarau hukinga upepo
ukingoni mwa shamba la viazi,
na hata mifugo huyapita,
maana ni machungu.

Nikazichemsha. Chungu kikawa kichungu,
mwiko ukawa mchungu,
mvuke ukanikaa midomoni.
Nikazitia guniani, nikalifungia jiwe,
nikalizamisha kijitoni chini ya barafu nyembamba.
Siku ya kwanza nikaonja, nikatema.
Ya pili, nikatema.
Ya tatu alionja mbwa,
akanitazama kama aliyesalitiwa.
Ya nne na ya tano sikwenda,
nilikuwa na sare za shule za kushona.
Ya sita uchungu ulikuwa umeondoka na maji.
Uchungu wa mbegu, nasema.
Wa baba ulikuwa bado nyongani.

Nikazisaga kwa kitunguu na jibini kidogo.
"Chakula cha njaa," akasema.
Akala.
Haba na haba hujaza kibaba;
mimi nilitaka ijaze baba.

Usiku nikishona huwa nawaza:
ndani ya mbegu mmea humfungia mwanawe
masurufu ya safari ya gizani,
ya shina ambalo hautaliona.
Sisi tunapora furushi hilo
tunampa mzee wa miaka sabini na tisa
ajaribu kuchipua.

Nayda akaonya: "Mbegu peke yake
ni tofali lililomwagwa barabarani.
Bila fundi halipandi ukutani."
Basi kila redio ilipotangaza sabuni,
inuka, keti, inuka.
Alizichukia sabuni zote za Peru.

Viazi vilipovunwa nikapima tena.
Ishirini na nane na nusu.
Sikumwambia mtu.
Tepu ya kitambaa huvutika ikizeeka,
na mkono wa binti nao una matumaini yake.

Kisha usiku mmoja upepo ulibamiza lango la zizi.
Nikajifunga shali, nikatoka,
nikalikuta limekwisha kufungwa
na yeye amesimama pale kwa soksi,
kidole bado kwenye komeo.
Fimbo ilikuwa ndani, imeegemea kiti.
"Rudi ulale," akanifokea, "utashikwa na baridi."

Suruali yake niliyoipunguza Machi sijaifumua.
Lakini ile ya kijivu, niliyoanza jana,
nimeiachia vidole viwili vya kitambaa
ndani ya mshono.